Nyonga Mpya, Choo Kile Kile

Siku niliyoruhusiwa kutoka hospitali niliulizwa maswali mengi. Mhasibu aliuliza namba ya kadi. Nesi aliuliza nani amekuja kunichukua, na kama nimekabidhi shuka za wodi. Daktari aliuliza kama vidole vya mguu vinacheza. Kijana wa mazoezi tiba, mpole sana, aliuliza kama nimeielewa ile karatasi. Nikamjibu nimeielewa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, karatasi si tatizo langu.

Hakuna aliyeniuliza choo cha kwetu kikoje.

Kwetu ni Kyela, upande wa Ipinda, kwenye ile tambarare ya mpunga na kakao inayoteremka taratibu mpaka inapoingia Ziwa Nyasa. Choo chetu ni cha shimo, cha kuchuchumaa, kimejengwa nyuma ya migomba, hatua thelathini na moja kutoka mlango wa jikoni. Idadi hiyo naijua kwa sababu nimezihesabu kwa magongo. Nilikuwa na umri wa miaka 34, na ndani ya paja langu la kushoto kulikuwa na nyonga ya chuma yenye siku kumi na nne. Karatasi ilisema kwa miezi mitatu nisikunje nyonga kupita pembe mraba, goti lisipande juu ya kiuno, nisikunje nne, nisiugeuze mguu kwa ndani. Sasa wewe msomaji simama hapo ulipo, jaribu kuchuchumaa bila goti kupita kiuno. Nakusubiri.

Umeona.

Karatasi ile ilikuwa na michoro. Mtu ameketi kwenye sofa. Mtu anaingia kwenye gari dogo kwa kutanguliza makalio. Mtu anatoka kwenye sinki refu la kuogea akiwa ameshika chuma cha ukutani. Niliitazama sana michoro ile nikiwa kitandani nikajiuliza huyu mtu anaishi wapi, na anamjua nani. Kwetu tunaoga kwa ndoo na kopo, umekaa kwenye kigoda kisichofika nusu ya goti.

Nianze ilikoanzia. Julai 2021, tumemaliza kuvuna mpunga, nilipanda bodaboda kutoka shambani nikiwa nimepakata furushi. Pikipiki ilikwepa ng'ombe, ikateleza kwenye changarawe, nikaangukia ubavu. Sikutoka hata damu. Kijana wa bodaboda alilia kuliko mimi. Mguu ulikuwa umepinda kwa nje na haunyanyuki, lakini pale nilipopelekwa kwanza nilielezwa kuwa nimeteguka, nikapewa vidonge vya maumivu. Nyumbani wakamwita mzee anayekanda mifupa. Alinikanda kwa mafuta ya moto kwa siku kumi na nane, na kila asubuhi mama alinipigia mfano wa mtu fulani aliyepona kwa mikono hiyo hiyo. Nilipofika kwenye picha ya eksirei, shingo ya mfupa wa paja ilikuwa imekatika.

Baadaye nilieleweshwa jambo ambalo ningependa kila dereva wa bodaboda na kila mkandaji wa mifupa alijue. Kichwa cha mfupa wa paja, lile tufe linalokaa kwenye tundu la nyonga, hupata sehemu kubwa ya damu yake kwa mishipa myembamba inayopanda ikiambaa shingo ya mfupa. Shingo ikivunjika, mishipa hiyo hukatika au hubanwa. Kila siku inayopita mfupa ukiwa nje ya mahali pake inaongeza uwezekano wa kichwa kukosa damu na kufa. Walinifunga skrubu tatu, nikatembea, nikarudi darasani, nikadhani yamekwisha. Mwaka mmoja na nusu baadaye yalianza maumivu ya kinenani, ya usiku. Picha mpya ilionyesha tufe limebonyea kama embe lililoangukia jiwe. Mfupa ulikuwa umekufa, ukiwa ndani ya mtu mzima anayesahihisha madaftari.

Watu husikia kubadilishwa nyonga wakamfikiria bibi. Wodini kwetu tulikuwa sita na mimi sikuwa mdogo kuliko wote. Kitanda cha dirishani alilala binti wa miaka 22 mwenye selimundu, nyonga zote mbili zimeliwa, kwa sababu chembe za damu za umbo la mundu huziba vile vile vimishipa vyembamba. Mwingine alikuwa fundi wa magari aliyekunywa pombe kali kwa miaka mingi, naye pia mfupa ulikufa. Wengine huufikia ugonjwa huu kwa kutumia muda mrefu dawa za kundi la steroidi, vikiwemo vile vidonge watu wanavinunua dukani ili wanenepe. Ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi, wenzetu walianza mwaka 2005 kuweka daftari la taifa la viungo bandia pale Blantyre, na sababu iliyoongoza kwa watu kubadilishwa nyonga kwao ilikuwa hiyo hiyo ya kichwa cha mfupa kufa. Ulaya sababu kubwa ni kusagika kwa uzee. Kwa hiyo mgonjwa wa nyonga wa ukanda huu ana uwezekano mkubwa wa kuwa mtu aliye katikati ya kazi, mwenye watoto wa kubeba na shamba la kuinamia. Karatasi ya mtu wa sofa haikumwandikia yeye.

Upasuaji wenyewe sina malalamiko nao, na hapa nataka nieleweke. Zamani si nyingi, mtu wa hali yangu ama alipelekwa India ama alibaki na mkongojo maisha yake yote. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ilianzishwa kwa sheria mwaka 1996, na leo nyonga hubadilishwa hapa hapa nchini na Watanzania. Mimi nilichomwa ganzi ya mgongoni, kwa hiyo nilikuwa macho. Nilisikia kila kitu. Msumeno, kisha nyundo. Nyundo kabisa, ko, ko, ko, kama fundi anayepigilia kenchi, na mwili wangu ukisogea mezani bila maumivu yoyote. Daktari mmoja alikuwa anaimba pambio chini ya barakoa. Kesho yake mchana nilisimama kwa fremu nikapiga hatua nne, na lile jino la usiku la kinenani, lililoning'ata mwaka mzima, halikuwepo. Nililia mbele ya watu.

Aliyefanikisha kiungo cha namna hii ni daktari wa Uingereza, John Charnley. Alianza na kikombe cha Teflon, kikalika vibaya sana ndani ya wagonjwa, ikabidi awafungue tena. Mwaka 1962 akapata plastiki ngumu zaidi, akaweka tufe dogo la chuma ndani ya kikombe cha plastiki, akakigandisha kwa saruji iliyotokana na ile ya madaktari wa meno. Wazo lake hilo ndilo linalotutembeza mpaka leo. Lakini Charnley huyo huyo alisita sana kuwawekea vijana. Alijua kijana ataitumia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulikadiria kuwa katika nyonga bandia 100, takriban 58 hudumu miaka 25. Piga hesabu yangu: 34 jumlisha 25 ni 59, mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Kwa hiyo kuna uwezekano mzuri wa kurudi mezani nikiwa bibi, na kila nitakavyoitunza sasa ndivyo nitakavyoisogeza siku hiyo. Ndiyo maana miezi mitatu ya mwanzo si ya kuchezea. Nyonga bandia ikichomoka, mara nyingi huchomoka katika miezi hiyo.

Sasa tuje barabarani. Nilifanyiwa Dar es Salaam, katikati ya Februari 2024, na nilirudi nyumbani mwanzoni mwa Machi kwa basi, na mume wangu pembeni. Alikata siti tatu ili ninyooshe mguu. Kutoka Mbezi mpaka Kyela ni zaidi ya kilomita 900, na daktari alikuwa amenisisitiza nichezeshe nyayo na ninywe maji mengi, kwa sababu baada ya upasuaji wa nyonga damu hupenda kuganda kwenye mshipa wa mguu, na bonge hilo likipanda kwenye mapafu linaweza kuua. Sikunywa maji. Nilikunywa vifuniko viwili vya chupa kumezea dawa. Morogoro tulishuka stendi, mume wangu akatangulia kukagua choo cha kulipia, akarudi akitikisa kichwa. Vyote vya kuchuchumaa. Mbele ya Mikumi konda akatangaza kuchimba dawa, watu wakashuka wakatawanyika vichakani, kinamama upande wao na kinababa upande wao. Mimi nikabaki dirishani kama mzigo. Kitonga nikiwa na kiu. Makambako nikiwa na kiu. Uyole jua lilikuwa limeshazama, kibofu kinauma kuliko kidonda, na tulikuwa bado hatujaanza kuteremka Tukuyu na kona zake. Nimewahi kusimulia hili kwa mtu wa afya, akaniambia nilifanya jambo la hatari. Ni kweli. Nilifanya kwa sababu ya choo.

Mume wangu alikuwa amejiandaa kwa akili yake. Alichukua kiti cheupe cha plastiki, vile vya kwenye sherehe, akakitoboa tundu kwa kisu cha moto, akakiweka juu ya shimo. Siku ya kwanza kilifaa, nikamwombea baraka. Siku ya tatu, mvua imenyesha usiku kucha, sakafu ya udongo imelainika, mguu mmoja wa kiti ukazama na mwingine ukapasuka. Nilijikuta nimening'inia kwenye mlango wa bati kwa mikono miwili, mguu wa kushoto nimeunyoosha mbele kama mcheza sarakasi, nikimwita mama kwa sauti ambayo majirani wananiigizia hadi leo. Nyonga haikuchomoka. Kwa nini haikuchomoka sijui, maana kila katazo la karatasi nililivunja kwa sekunde mbili.

Jioni hiyo mume wangu alichukua rula ya ubaoni, ile ya mita moja, akanipima nikiwa nimeketi kitandani: kutoka unyayo hadi nyuma ya goti, akaongeza sentimita nane. Akaenda kwa fundi seremala.

"Nataka kiti cha mbao chenye mikono. Kina tundu katikati."

"Tundu la nini?"

"La choo. Cha mwalimu."

Fundi alifikiri kwa muda. "Nimetengeneza madawati, vitanda na majeneza," akasema. "Hicho bado. Lakini nikishaweza jeneza siwezi kushindwa na kiti."

Kilikuja baada ya siku mbili, kizito, miguu mipana chini ili isizame, mikono miwili ya kujinyanyulia, tundu limepigwa msasa likawa laini kama mwiko. Siku za mvua kiliwekwa chumbani na ndoo chini yake. Kilitugharimu pungufu ya nauli ya mtu mmoja kwenda Dar. Nitakirudia kiti hiki.

Kuna mambo mengine karatasi haikuyagusa, nami nayasema kwa sababu nina uhakika kuna mwanamke mahali fulani anayasubiri. Salamu, kwa mfano. Mwanamke wa Kinyakyusa hamsalimii mkubwa akiwa wima kama mlingoti. Anainama, anapiga goti. Wiki ya pili walikuja wazee wa kanisa kunitazama na mimi nimeketi juu ya kiti kirefu kama malafyale, yaani chifu, wao wamepewa viti vya kawaida, nawapokea mikono kwa juu. Nilisema ndaga fijo, asante sana, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, ili maneno yalipie goti. Mzee mmoja alielewa. Mwingine aliangalia pembeni.

Kisha msiba. Wiki ya nne tulifiwa na mjomba, upande wa Mwaya. Kwetu wanawake hukaa ndani na uani, kwenye mikeka, miguu imenyooshwa au imekunjwa, mpaka mazishi na baada yake. Mkeka kwangu ulikuwa marufuku: kushuka ningeshuka, kuinuka nisingeinuka. Viti virefu vilikuwa nje, kwa wanaume. Nikakaa huko, mwanamke peke yangu katikati ya makoti, magongo nimeyaegemeza kwenye mwembe. Shangazi yangu alipita na sinia la ugali, akasimama, akauliza kwa sauti ya kusikika, "Huyu naye kachaguliwa mjumbe lini?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Usiku niliumia.

Chini ya kicheko hicho kulikuwa na jambo jingine. Wazee wetu walikuwa na imani inayoitwa pumzi ya watu. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyekaa Unyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliiandika vizuri: ukiwakosea jamaa au majirani, manung'uniko yao huwa kama upepo wa baridi, unaugua, unajikwaa. Sidhani kama kuna mtu kijijini angelitamka hilo mbele yangu mwalimu. Lakini kijana mwenye magongo lazima aelezwe. Mzee akichechemea ni uzee. Mimi nikichechemea, kuna aliyesema nilimnyima shemeji mpunga, kuna aliyesema chuma kile kimewekwa na watu wa Dar kwa makusudi yao. Jirani mmoja mwema kabisa alinikataza kutoka nje wakati wa ngurumo, maana chuma kitaita radi. Kyela, mwezi Aprili! Ningetii ningekaa ndani mpaka Juni. Nilimweleza kwamba radi haina habari na chuma kilichofunikwa na nyama, na kwamba bati la nyumba yake ni kubwa kuliko nyonga yangu. Akaniambia ndiyo maana naye hakai karibu na bati.

Haki itendeke: wanawake wa kijiji hicho hicho walinichotea maji kwa miezi miwili bila kuombwa. Walikuja na ndizi za kupika, walikuja na samaki aina ya mbasa, na mmoja alikuja kila alasiri kunitembeza kwenye njia ya mikakao, yeye mbele akiondoa majani yanayoteleza. Kama kuna kitu kilichofanya kazi ya mtaalamu wa mazoezi tiba kwangu, ni mama huyu aliyeishia darasa la nne.

Mvua ilikuwa kazi nyingine. Wanaoijua tambarare yetu wanajua Machi hadi Mei mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inavyofura, na njia zinavyogeuka tope jeusi linalovuta. Gongo lina mpira mdogo chini, upana wa kikombe cha kahawa. Kwenye tope unazama mpaka nusu. Fundi baiskeli, na Kyela mafundi baiskeli hatupungukiwi, alinikatia vipande vya tairi kuukuu akavifunga chini ya magongo vikawa kama nyayo za bata. Fundi viatu naye aliongeza soli ya kandambili ya kulia, kwa sababu mguu uliopasuliwa ulitoka mrefu kidogo. Na usiku mmoja mume wangu aliniuliza kwa kunong'ona swali ambalo karatasi haikuwa na mchoro wake. Nilimpigia simu yule kijana wa mazoezi tiba. Alikohoa, akasema subirini wiki sita, na wewe uwe chali. Swali la wiki nzima likaisha kwa simu ya dakika moja. Kwa nini halikuwemo kwenye karatasi ya mtu wa miaka 34?

Julai nilirudi kazini. Watoto walikuwa wameshanipa jina, Madam Chuma, na darasa la tatu walitaka kujua kama nikipita dukani kwa muuza vyuma chakavu atanipima kwa kilo. Shule yetu, sitaitaja, ina jengo jipya la vyoo, na mwishoni kuna mlango mpana wenye alama ya kiti cha magurudumu. Nilifurahi kupita kiasi. Mlango ulikuwa na kufuli. Ndani, choo cha kukaa kipo, chuma cha kushikia kipo, na juu yake kuna mafagio, mitihani ya zamani na magunia mawili ya mahindi ya uji. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Hiki kilikuwa kimejengwa, kimefikika, kisha kikageuzwa stoo. Ilichukua wiki mbili za maneno matamu kuyahamisha mahindi.

Haya yote nimeyaeleza ili nifikie hoja moja, nayo ni ndogo kiasi kwamba naona haya kuiandikia ukurasa mzima wa gazeti. Kabla mgonjwa wa nyonga hajaruhusiwa, na ikiwezekana kabla hajapasuliwa, aulizwe: choo chako kikoje, unaoga umekaa wapi, unalala juu ya nini, nyumbani mnakaa chini au kwenye viti, unarudi kwa usafiri gani. Swali hilo haligharimu kifaa wala dola. Likiulizwa, majibu yatailazimisha hospitali kuichora upya ile karatasi: mwanamke kwenye mkeka, choo cha shimo, kigoda, basi la mkoani, bodaboda, bustani ya mboga, watoto mgongoni. Tuna wachoraji wa katuni wengi na wazuri kwenye magazeti haya haya. Mmoja wao ataimaliza kwa asubuhi moja.

Najua jibu litakalokuja, maana nimeshalipewa: hospitali ni ya kutibu, nyumbani ni kwako. Na jingine, kwamba watu wabadilishe vyoo. Hili la pili nalikubali nusu. Choo cha kukaa si anasa, na kwenye kijiji chenye wazee, wajawazito na waliovunjika, kila kaya ingekuwa na kiti kama changu ingekuwa heri. Ila mtu aliyechangiwa na ukoo mzima ili apate nyonga hana fedha ya kujenga choo mwezi huo huo. Sisi tuliuza ng'ombe wawili na kukopa kwa dhamana ya kakao ya baba, na kilichotuokoa ni kwamba mwaka huo bei ya kakao duniani ilipaa kuliko ilivyowahi kupaa, deni likalipika. Aliyeugua miaka mitano kabla yangu hakuwa na bahati hiyo.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaopanga kitita chake watatazama kiungo, dawa, kitanda, picha. Nawaomba watazame na kiti cha mbao, na ziara mbili au tatu za mtaalamu wa mazoezi tiba nyumbani kwa mgonjwa. Madaktari bingwa sasa wanafungashwa kwenye magari wanaletwa hadi hospitali za wilaya, jambo jema ambalo zamani hatukuliota. Kwenye gari hilo hilo ipatikane siti moja ya mtu wa mazoezi tiba. Asibaki hospitalini. Apewe pikipiki aje Ipinda, aje Matema, avuke Lyulilo mpaka kwa wafinyanzi wa Ikombe, aingie uani, aone mwenyewe shimo na kigoda, ndipo amweleze mgonjwa cha kufanya. Dakika ishirini zinamtosha. Nyonga ikichomoka kijijini kwa kukosa dakika hizo, mtu huyo anarudishwa Dar kwa basi lile lile, kwa kiu ile ile, na taifa linalipa mara ya pili.

Na wewe unayesubiri tarehe yako ya upasuaji, ukiwa Kyela, Ludewa, Nyasa au popote pale pa kuchuchumaa, usiisubiri serikali kwa hili. Nenda kwa seremala kabla ya kwenda hospitali. Pima kutoka unyayo hadi nyuma ya goti, ongeza sentimita nane, miguu ya kiti iwe mipana chini. Asikupe cha plastiki.

Changu sina tena. Kilikwenda kwa mzee aliyeanguka kutoka kwenye mkakao, akakaa nacho hadi Krismasi. Kutoka kwake kikaenda kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, na sasa kipo upande wa Ngonga kwa kijana wa bodaboda aliyevunjika paja. Kimepakwa rangi ya bluu, na mkono mmoja umebadilishwa. Kuna watu wawili wanakingoja.